Nimestaafu: je, mafao yangu niyaweke kwenye sola?

*"Nimestaafu ualimu mwaka jana, nina miaka 61, naishi na mke wangu pembezoni mwa jiji la Tanga. Watoto wameshajitegemea. Kila mwezi nanunua LUKU ya shilingi 60,000, na umeme hukatika mara kwa mara, hasa mvua ikinyesha. Fundi amenipigia hesabu ya sola: paneli 6 za wati 550, inveta ya kilowati 5, betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5, pamoja na ufundi, jumla shilingi 9,800,000. Anasema fedha itarudi ndani ya miaka minne, na baada ya hapo nitakuwa natumia umeme wa bure. Tuna friji ya zamani, televisheni, feni mbili, taa nane, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, na hita ya bafuni. Je, nitoe kwenye mafao yangu?"*

Mwalimu, shikamoo. Hongera kwa kustaafu salama, na umefanya vizuri kuuliza kabla fedha haijatoka.

Kwa karatasi hiyo uliyopewa, usitoe. Si kwamba sola ni mbaya au jua la Tanga halitoshi. Jua lipo la kutosha, na vifaa vya sola vya leo ni vizuri kuliko vya miaka kumi iliyopita. Tatizo ni kwamba mtambo huo haukupimwa kwa nyumba yako, na miaka minne uliyoahidiwa haipo.

Swali lako lina shida mbili zilizofungwa pamoja: gharama ya LUKU na giza la umeme kukatika. Dawa zake si moja, kwa hiyo nitazitenganisha.

Tuanze na fedha. Ukinunua LUKU ya 60,000, inakatwa kwanza kodi ya jengo ya shilingi 1,500. Inabaki 58,500. Mteja wa daraja la kawaida, T1, analipa shilingi 292 kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, uniti inafika shilingi 356. Ndiyo maana elfu moja inakupa uniti 2.8 tu. Kwa hiyo nyumba yako inakula uniti 164 hivi kwa mwezi, sawa na uniti tano na nusu kwa siku.

Sasa tazama mtambo. Paneli 6 za wati 550 ni wati 3,300. Namba hiyo ya wati hupimwa maabara, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati saa saba mchana paneli hufika nyuzi 60, na kila nyuzi moja inayozidi hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4, yaani kama asilimia 12 hupotea kwa joto peke yake. Ukitoa na vinavyopotea kwa vumbi, waya na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa matumizi ya nyumbani), wati 1,000 za paneli hutoa wastani wa uniti 4 kwa siku kwenye mazingira yetu. Mtambo wako basi utazalisha uniti 13 kwa siku, na wewe unatumia tano na nusu. Uniti zaidi ya saba zitapotea kila siku: betri ikishajaa, inveta inazipunguza paneli nguvu, na jua linaendelea kuwaka bila faida.

Nadhani hapo ndipo miaka minne ya fundi ilipotoka. Ukichukua saa tano za jua kamili, usitoe hasara yoyote, kisha uhesabu kila uniti kuwa imeokoa shilingi 356, unapata zaidi ya milioni mbili kwa mwaka, na milioni 9.8 zinarudi katika miaka minne na nusu. Lakini uniti usiyoitumia haiokoi hata senti. Wala usitegemee kuirudisha TANESCO, shirika la umeme, kupitia mita yako ya LUKU: mita ya kawaida ya malipo ya awali haikulipi, na baadhi huhesabu umeme unaotoka kana kwamba wewe ndiye umeutumia. Ukifunga inveta yoyote inayounganishwa na gridi, mwambie fundi aifungie kabisa isitoe umeme nje.

Hesabu ya kweli ni hii. Tuseme sola inakubebea uniti 145 kati ya 164, nyingine zikibaki za TANESCO kwa siku za masika zenye mawingu. 145 mara 356 ni shilingi 51,620 kwa mwezi, kama 619,000 kwa mwaka. Gawanya 9,800,000 kwa hiyo, ni miaka karibu 16. Utakuwa na miaka 77, na kabla ya hapo inveta itakuwa imeshabadilishwa, kwa sababu mara nyingi hudumu miaka 8 hadi 12, na betri nayo itakuwa imechoka. Paneli ndizo zinazodumu, miaka 25 na zaidi, zikipoteza kama nusu asilimia ya nguvu kila mwaka.

Kuna jambo jingine ambalo kijana mwenye mshahara anaweza kulipuuza, lakini mstaafu haruhusiwi kulisahau: fedha hiyo ikikaa mahali pengine ingefanya nini? Kwa mfano wa hesabu tu, milioni 9.8 zikiwekwa kwenye hatifungani za Serikali (yaani unaikopesha Serikali) kwa riba ya asilimia 10 zingeleta 980,000 kwa mwaka, zikilipwa kila miezi sita, na mtaji ungebaki. Hiyo inalipa LUKU yako yote ya mwaka, 720,000, na chenji inabaki. Na mtu akiugua, hatifungani inauzika. Paneli iliyofungwa kwenye bati haiuziki kwa bei uliyoinunulia.

Kinachonishangaza kwenye karatasi ya fundi ni kitu ambacho hakuuliza kabisa: hizo uniti 164 zinakwenda wapi? Nyumba ya watu wawili haipaswi kula hivyo. Nikizigawa kwa vifaa ulivyotaja, picha inakuwa hivi. Friji ya zamani, mpira wa mlango ukiwa umelegea, hula uniti 1.7 kwa siku, 50 kwa mwezi. Hita ya bafuni ya wati 4,500, dakika kumi kila mtu kila siku, ni 45. Feni mbili za wati 60 kwa saa nane ni 29. Televisheni saa sita kwa siku ni 14. Pampu ya hospawa moja, nusu saa kwa siku, ni 11. Taa nane za LED za wati 9 kwa saa tano ni 11. Pasi, ambayo hukuitaja, saa moja kwa wiki ni 4. Jumla 164. Za kwako zitatofautiana kidogo, lakini friji na hita ndiyo wakubwa wa nyumba, nina hakika.

Usiniamini mimi, pima. Andika salio la uniti kwenye mita mnapokwenda kulala na mnapoamka, kwa wiki mbili. Matumizi ya usiku, mkiwa mmelala, ni friji na feni tu. Kisha siku moja muoge maji ya ndoo na muone tofauti. Daftari hilo litakusaidia kuliko fundi yeyote.

Sasa badilisha vifaa, si chanzo cha umeme. Friji mpya ya lita 150 hadi 200 yenye kompresa ya inveta (inayopunguza mwendo wake yenyewe) hula kama uniti 0.7 kwa siku, yaani 20 kwa mwezi badala ya 50. Feni za kisasa za mota ya DC (umeme wa mkondo mmoja) hutumia wati 30 badala ya 60: uniti 14 badala ya 29. Maji ya kuoga, ndoo ya lita 15, ukiyapasha kwenye jiko la gesi, umeondoa uniti 45 zote. Zimeni taa nne mnazowasha kwa mazoea. Nyumba inashuka mpaka uniti 68 hivi.

Namba hiyo ni muhimu kwa sababu ya daraja la D1, lile la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo. Humo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, pamoja na kodi na tozo ni 122. Ndiyo ile watu husema elfu moja inapata uniti nane. Ukizidisha 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, na ukiendelea kuzidisha unahamishiwa T1. Inaelekea ninyi mlihamishwa wakati watoto wapo nyumbani, na tangu waondoke hakuna aliyefikiria kuomba kurudi. Uniti 68 kwa 122 ni shilingi 8,300. Ongeza kodi ya jengo, ni kama elfu kumi kwa mwezi badala ya sitini.

Kwenye LUKU umeokoa shilingi 50,000 kwa mwezi, 600,000 kwa mwaka, gesi ya maji ya kuoga ukiihesabu peke yake. Ni karibu sawasawa na mtambo wa milioni 9.8 ungekuokolea, na umetumia labda laki saba za friji na laki mbili za feni. Zinarudi kwa mwaka mmoja na nusu, au zaidi kidogo ukitoa gharama ya gesi.

Mabadiliko ya daraja hayaji yenyewe. Shusheni matumizi kwanza, kwa sababu TANESCO huangalia wastani wa miezi iliyopita, si ahadi. Kisha nenda ofisi yao ya karibu na namba ya mita, uliza masharti yao kwa sasa na muda unaotakiwa, uombe. Kama kuna mpangaji au fremu ya duka inayotumia mita hiyo hiyo, hamtafika 75 kamwe. Mtenganishie mita yake.

Ukishakuwa D1, sola kwa ajili ya kuokoa fedha inakufa kabisa. Uniti ya jua inaokoa shilingi 122 tu. Mtambo mdogo wa kubeba uniti 39 kwa mwezi ungeokoa shilingi 4,800. Hakuna mtambo unaolipika kwa akiba hiyo.

Tuje kwenye giza, ambako sola ina hoja ya kweli. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, lakini umeme unaokatika mvua ikinyesha si upungufu wa mitambo. Ni waya za mtaani kwenu: tawi limegusa laini, kikombe cha nguzo kimepasuka, fyuzi ya transfoma imeruka. Hilo halitaisha kwa bwawa. Na watu wazima wawili gizani, wakitafuta mlango wa choo saa nane usiku, ni hatari ambayo haihesabiwi kwa uniti. Mimi ningelipia hiyo bila kuuliza itarudi lini.

Lakini lipia kinachohitajika. Andika kila umeme unapokatika: saa ngapi, kwa muda gani. Kama ni saa moja mbili, taa tatu za kuchaji zenye betri ndani na redio vinatosha. Friji iliyofungwa hukaa na baridi saa nne bila shida. Kama ni usiku mzima, au mke wako ana dawa ya kuwekwa kwenye baridi kama insulini, hapo tafuta betri ya lithiamu ya volti 25.6 yenye Ah (ampea-saa) 100, ambayo ni kilowati-saa 2.56, na inveta ya volti 24 yenye wati 1,500 inayotoa mawimbi safi (pure sine wave). Hiyo inabeba friji mpya, feni, televisheni na taa usiku kucha. Pampu muiache TANESCO: hospawa moja ni wati 750 inapozunguka, lakini inapowaka huvuta mara kadhaa ya hapo, na ndiyo inayowalazimisha watu kununua inveta kubwa. Tangi likiwa limejaa, hamna haja ya pampu usiku.

Je, betri hiyo ichajiwe na nini? Kwa D1, umeme wa TANESCO ni rahisi kuliko paneli. Ila angalia jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji: inveta yenyewe hula umeme hata kama hakuna kilichowashwa. Ndogo hula wati 20 hivi, kubwa ya kilowati 5 wati 50 na zaidi. Wati 20 kwa saa 24 kwa mwezi ni uniti 14, na 68 ukiongeza 14 ni 82. Umevuka mstari kwa ajili ya kifaa cha akiba! Hapo ndipo paneli mbili za wati 450 zinapopata kazi ya kweli: zinalisha inveta, zinachaji betri, zinabeba vifaa vya mchana, na mnabaki chini ya 75 bila wasiwasi. Zitazalisha kama uniti 3.6 kwa siku. Masika labda nusu yake, na TANESCO itajazia. Kwa uwiano wa karatasi uliyonayo, mtambo wa namna hii uwe kama theluthi ya bei ile. Ukiambiwa zaidi ya milioni tatu na nusu, omba mchanganuo wa kila kifaa.

Betri za maji au jeli ni rahisi dukani, lakini ya Ah 100 unaitumia nusu tu. Ukiishusha zaidi kila siku inakufa. Joto la pwani pia huzila: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu kwa nusu. Lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, hutumika mpaka asilimia 90 na huvumilia mizunguko elfu nne na zaidi.

Bandia ziko nyingi, kwa hiyo jifunze vipimo vitatu. Paneli: mita moja ya mraba hutoa kama wati 210 hadi 230, hivyo ya wati 450 lazima iwe na kama mita mbili za mraba. Ikiwa na urefu wa mita moja na nusu, namba iliyoandikwa nyuma ni uongo, hata kama stika inang'aa. Betri: kabla ya kumalizia malipo, ijaze kabisa, uwashe vitu vya wati 200 na uhesabu saa. Hiyo ya 2.56 inapaswa kufika saa 10. Ikizima saa ya tano, ndani kuna seli zilizokwisha tumika mahali pengine. Inveta: iunganishe na friji, uiwashe na kuizima friji mara kadhaa, ukiipumzisha dakika chache kila mara; inveta dhaifu italia na kukata.

Ufungaji wa Tanga una yake. Upepo wa bahari una chumvi, na bolti za chuma cha kawaida huoza ndani ya miaka michache; dai chuma kisichoshika kutu na reli za alumini. Paneli zielekee kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi, ili mvua ioshe vumbi. Kivuli kidogo cha mnazi au antena kikidondokea paneli moja huvuta chini na wenzake waliofungwa nayo kwa mfululizo, kwa hiyo mtazame paa saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri kabla ya kuchagua upande. Tundu za skrubu zipite kwenye mgongo wa bati, si bondeni, na ziwe na mpira, la sivyo masika mtaweka mabeseni. Lazima kuwe na fyuzi ya DC kati ya betri na inveta, waya wa ardhi, na kinga ya radi. Paneli ziwe mahali mpira wa maji unapofika ukiwa umesimama chini, na zioshwe alfajiri, kioo kikiwa baridi. Mwalimu, usipande paa.

Yako mazingira ambayo ningekuambia kinyume. Kama ungekuwa shamba la Handeni ambako laini haijafika na unawasha jenereta, petroli nusu lita na zaidi inaungua kwa kila uniti, na kwa lita ya shilingi 3,000 uniti moja inapita 1,500. Hapo sola inarudi haraka. Vivyo hivyo ukianzisha mradi unaokula umeme mchana: friza la barafu na juisi, au kumwagilia bustani, ambako pampu ya DC inafungwa moja kwa moja na paneli bila betri. Pampu ya namna hiyo inanywa jua linapotoka na inahifadhi maji badala ya umeme. Mashine ya kutotolea vifaranga pia, ila ile haitaki kuzimika, kwa hiyo betri yake ipimwe peke yake.

Mkopo wa kununua sola kwa kukatwa pensheni, nakuomba uukatae. Na ukikuta mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, zidisha malipo kwa miezi yote uone bei halisi kabla ya kusaini.

Kabla ya lolote, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aje nyumbani, si kwa simu. Apime waya wa ardhi, aangalie kama nyaya za nyumba ni nzima, na kama uniti zinapungua hata mkizima na kuchomoa vifaa vyote, kwa sababu uvujaji kwenye nyaya za zamani hula fedha kimya kimya. Fundi seremala atazame kenchi za paa, maana paneli moja kubwa ni zaidi ya kilo 20. Na kama mtafunga betri, isikae chumba cha kulala. Ikivimba, ikinuka au ikiwa ya moto kuguswa, izimeni na muite fundi siku hiyo hiyo. Mwombe awaonyeshe wote wawili, wewe na mama, mpangilio wa kuzima, na auandike ukutani kwa herufi kubwa: kwanza vifaa, kisha swichi ya paneli, ya betri mwisho.